Wajapani Wote?

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilimpeleka mtoto wa kaka yangu kunyoa, Soweto, hapa Mbeya. Saa nne ilishapita lakini mlima Loleza bado ulikuwa umejifunika ukungu, na kila aliyekuwa kwenye foleni ya kinyozi alikuwa ameingiza mikono ndani ya sweta. Mlango wa pili kuna kibanda cha gemu. Mabati, pazia la shuka, mabenchi mawili. Mtoto akasikia kelele za ndani, akanitazama. Nikasema haya, twende, zamu yetu bado.

Kwenye flati skrini tatu vijana walikuwa kwenye mpira. Pembeni kabisa kulikuwa na TV ya chogo, na chini yake PlayStation 2 iliyofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili mfuniko usifunguke. Hakuna aliyekuwa anaicheza. Gemu lilikuwa linajiendesha lenyewe, watu wawili wanapigana bila mtu nyuma yao, mmoja ana nywele nyekundu zilizomfunika jicho.

Nikasimama.

Ilikuwa The King of Fighters 2002. Sikuwa nimeiona kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Nikalipa mia tano, nikampa mtoto pedi moja ya kuchezea, nikashika ya pili. Nikamchagua King, dada mrefu wa nywele fupi anayepigana kwa mateke, na vidole vikakumbuka kabla ya kichwa. Nilimpiga mtoto wa watu raundi zote mbili za mwanzo, nikaona haya, ya tatu nikamwachia.

Akaweka pedi mapajani. "Shangazi, hili gemu nani alilitengeneza?"

"Wajapani."

Akafikiri kidogo.

"Wajapani wote?"

Kinyozi akatuita. Tukatoka, akanyolewa, tukapanda daladala, na mpaka tunashuka sikuwa nimemjibu. Hakuniuliza tena. Mimi ndiye niliyebaki na swali. Likanifuata dukani, nikiwa natoa fotokopi za watu. Likanifuata jikoni. Likakaa nami wiki tano.

Kwa Kaka Chaji

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha kwanza, na mama alikuwa anauza viazi maeneo ya Mwanjelwa. Nikitoka shule nilipitia kwake, nikambebea debe, nikamfungia magunia. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni kulikuwa na nafasi ndogo ambayo hakuna aliyeniuliza niko wapi. Nafasi hiyo niliitumia kwa Kaka Chaji.

Tulimwita hivyo kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchaji simu. Alikuwa na ubao wenye soketi zaidi ya ishirini, na simu zimelala juu yake kama dagaa juani, kila moja na kipande cha karatasi chenye namba. Gemu zilikuja baadaye. Alisema watu wanaosubiri simu wanachoka, na mtu aliyechoka anaenda kuchaji kwingine.

Wasichana hawakuingia mule. Hakuna aliyekataza, ila hakuna aliyeingia. Mimi nilivaa sweta la kaka yangu na kofia ya mzula, nikakaa mwisho wa benchi, na wiki ya kwanza sikusema neno. Siku niliyopewa pedi nilimchagua King kwa sababu moja tu: katika orodha nzima alikuwa ndiye mwanamke aliyevaa suruali na tai kama mwanamume. Nikashinda. Tangu siku hiyo pale kibandani jina langu likawa King, hata kofia nilipoivua.

Miaka mingi baadaye nimekuja kusoma kwamba King alipotokea mara ya kwanza, katika gemu la Art of Fighting la mwaka 1992, alikuwa anajifanya mwanamume ili apate nafasi katika ngumi na mateke ya Kithai, mchezo wa wanaume. Mtu fulani huko Osaka, Japani, alikaa akaliwaza hilo. Alimwaza msichana anayejificha ndani ya nguo za kiume ili aruhusiwe kupigana. Nilipolisoma niliacha simu mezani nikatoka nje.

Asiyewahi kucheza KOF, yaani hiyo King of Fighters, kibandani, nimweleze. Huchagui mpiganaji mmoja, unachagua watatu. Gemu moja kwa Kaka Chaji lilikuwa mia na hamsini, na tulikuwa tunachanga hamsini hamsini, watoto watatu kila mmoja na mtu wake. Wa kwanza akipigwa anampa wa pili pedi, ikiwa ya moto na ina jasho. Aliyeshinda anarudishiwa damu, yaani uhai wake, kidogo tu halafu anakutana na mtu mpya ambaye hajaguswa. Kwa hiyo kupanga nani aanze ilikuwa kazi kubwa kuliko kupigana kwenyewe. Anayeanza lazima awe na haraka. Anayemaliza lazima awe mtu asiyetetemeka, maana hamsini za wenzake wawili ziko mikononi mwake. Mimi nilikuwa namaliza.

Sijawahi kuaminiwa namna ile tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mashine ya mwenye kibanda

Nilianza na herufi tatu zinazotokea mwanzoni mwa gemu: SNK. Nilizitazama mamia ya mara na sikuwahi kujiuliza ni kifupi cha nini. Ni Shin Nihon Kikaku, yaani Mpango Mpya wa Japani. Eikichi Kawasaki aliianzisha Osaka mwaka 1978. Mwanzoni walitengeneza gemu za kupiga vyombo vya angani, kisha za askari wanaotembea msituni. Ikari Warriors ya 1986 ndiyo iliyowapa jina, na wale askari wake wawili, Ralf na Clark, ndio haohao tuliowakuta kwenye KOF miaka yote. Athena naye alitoka kwenye Psycho Soldier ya 1987. Kampuni ilikuwa haitupi watu wake. Gemu likizeeka, wahusika wanahamishiwa nyumba mpya, wanapewa chumba.

Lakini kilichonishika zaidi ni mwaka 1990.

Mwaka huo SNK walitoa Neo Geo, kwa sura mbili. Moja ilikuwa ya nyumbani, na bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 650, kaseti moja ya gemu ikifika kama dola 200. Hiyo waachie matajiri. Ya pili iliitwa MVS, sanduku la kusimama la kutumbukiza sarafu, na ndiyo iliyobadilisha mambo. Kabla yake, kwa kawaida mwenye ukumbi wa gemu alikuwa ananunua sanduku zima kwa gemu moja. Gemu likichosha wateja, anabaki na kabati kubwa lisiloingiza kitu, au abadilishe mitambo ya ndani kwa gharama. MVS ulikuwa unafungua, unachomoa kaseti, unachomeka nyingine. Baadhi ya masanduku yalibeba kaseti sita kwa mpigo, mteja anachagua mwenyewe anachotaka.

Niliposoma hivyo nilimwona Kaka Chaji na soketi zake.

Walimfikiria yeye. Simaanishi yeye kwa sura, namaanisha mtu wa aina yake: mwenye chumba kidogo, mtaji mdogo, wateja wanaochoka haraka, na kodi ya fremu mwisho wa mwezi. Mashine ya MVS ilienea kwenye magenge na maduka ya vijijini na mijini huko Meksiko, China na Korea Kusini, na sababu haikuwa ngumi peke yake. Ilienea kwa kuwa ilimlipa mwenye kibanda. Kila makala niliyosoma juu ya SNK inaanza na wapiganaji. Mimi ningeanzia kwa yule anayefagia asubuhi na kuwasha swichi.

Waliohama nyumba

Sasa wale Wajapani wenyewe.

Mwaka 1987 kampuni ya Capcom, ambayo nayo iko Osaka, ilitoa Street Fighter. Waliolibuni ni watu wawili, Takashi Nishiyama na Hiroshi Matsumoto. Baada ya gemu hilo wote wawili waliondoka wakaenda SNK. Capcom wakabaki na jina, wakaweka watu wengine, na mwaka 1991 wakatoa Street Fighter II iliyotikisa dunia. Mwaka huohuo, kuelekea mwisho wake, Nishiyama na Matsumoto wakatoa Fatal Fury huko walikohamia.

Kwa hiyo haya ni matoleo mawili ya wazo moja. Watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili.

Watu wengi bado wanasema Fatal Fury iliiga Street Fighter II. Zamani hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Ukilicheza kwa utulivu unaona mtu anayetaka kitu kingine. Wapiganaji wanaruka kutoka mstari wa mbele kwenda mstari wa nyuma. Kuna hadithi, kuna Terry Bogard anayetaka kulipa kisasi cha baba yake aliyeuawa na Geese Howard. Mwaka uliofuata, Art of Fighting ikaleta wapiganaji wakubwa wanaojaa skrini, picha inawasogelea wakikaribiana na kujivuta nyuma wakiachana, na nyuso zinavimba kadiri zinavyopigwa. Mwaka 1993 ikaja Samurai Shodown, ambamo upanga mmoja ulioingia vizuri unaondoa damu kiasi kwamba unajifunza kusubiri. Mwaka 1994 wakawakusanya watu wa Fatal Fury, wa Art of Fighting na wa gemu za zamani, pamoja na wapya, kwenye The King of Fighters '94, timu nane, watu watatu watatu, wapiganaji 24.

Kampuni hizo mbili zilichokozana miaka yote ya tisini, na mwisho wakakaa meza moja. Mwaka 1999 na 2000 zilitoka gemu ambamo watu wa SNK na wa Capcom wanapigana pamoja. Sisi huku Nyanda za Juu Kusini hilo halitupi shida kulielewa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vya kweli, na leo ni watani.

Nikamwambia mtoto: Nishiyama na Matsumoto. Akarudia majina polepole. Nikadhani nimemaliza.

Majina ambayo si majina

Sikuwa nimemaliza, kwa sababu hao wawili hawakuchora. Wala si wao waliotengeneza ule mlio wa King akirusha mguu. Nikaenda kutafuta orodha ya watengenezaji inayopita mwishoni mwa gemu, ile ambayo pale kibandani tulikuwa tunaibonyeza ipite haraka ili wengine wacheze.

Nikakuta majina ya utani.

Katika gemu za SNK za miaka ile, na za kampuni nyingine nyingi za Japani, watengenezaji wengi hawakuandikwa kwa majina yao. Waliandikwa kwa majina ya kubuni: vifupi, majina ya wanyama, maneno ya kuchekesha. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba kampuni ziliogopa washindani wangewajua mafundi wao na kuwavuta. Na hofu hiyo haikutoka hewani, kwa sababu mtu kama Nishiyama alikuwa ameshaonyesha kwamba fundi anaweza kuondoka na kichwa chake.

Yule aliyechora picha nyingi za matangazo ya KOF na Fatal Fury, zile nyuso zilizo nusu picha nusu mtu hai, alijulikana kwa jina la Shinkiro. Jina lake ni Toshiaki Mori. Nikatafuta maana ya neno lenyewe. Shinkiro ni mazigazi: yale maji unayoyaona barabarani jua likiwa kali, halafu ukifika hayapo.

Nililala vibaya siku hiyo.

Siku mbili baadaye nikakutana na Kim. Wote tunamjua Kim Kaphwan, Mkorea wa taekwondo, mtu wa haki, anayewatesa wenzake wa timu, Chang na Choi, kwa mazoezi ili waache ujambazi. Aliingia mwaka 1992 kwenye Fatal Fury 2. Jina hilo halikubuniwa. Kim Kap-hwan alikuwa mkuu wa Viccom, kampuni iliyoshirikiana na SNK kuuza gemu zao Korea Kusini. Mpiganaji amepewa jina lake, jina la mtu wa soko.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Mchoraji amefichwa nyuma ya neno linalomaanisha kitu kisichokuwepo, na aliyeuza amebeba ngumi na mateke kwa jina lake mwenyewe mpaka leo. Kwanza niliona ni dhuluma. Baadaye nikasita. Nilikuwa nimeshasema kwamba mwenye kibanda anastahili kukumbukwa, na Kim Kap-hwan wa kweli ni ndugu wa Kaka Chaji, wa ngazi ya juu tu. Siwezi kumtaka mmoja akumbukwe halafu nikamkasirikia mwingine kwa kukumbukwa. Shida yangu si kwamba Kim ana jina. Shida ni kwamba Shinkiro na wenzake walilazimika kungoja.

Ilikufa kabla hatujaicheza

Kuna jambo jingine lililokuwa linanichoma, na nilikuwa nalizunguka.

CD ya Kaka Chaji ilikuwa ya kuchoma. Nyeupe, imeandikwa KOFU kwa maka pen. Aliinunua kwa machinga kwa bei ya soda chache. Hakuna shilingi hata moja ya zile hamsini zetu iliyofika Osaka. Na nilikuwa nimesikia kwamba SNK ilifilisika, na kwamba gemu za kunakili ni moja ya mambo yaliyoiumiza. Kwa wiki nzima niliishi na wazo kwamba nilikuwa mmoja wa walioiua.

Tarehe zikanipa jibu ambalo sikulitegemea.

Mwaka 1997 SNK walitoa mashine mpya ya picha za pande tatu, Hyper Neo Geo 64, na haikuuzika. Wakajaribu gemu la mkononi, Neo Geo Pocket, nalo halikuweza kushindana na Nintendo. Januari 2000 walinunuliwa na Aruze, kampuni ya mashine za kamari. Mafundi wakaanza kutawanyika. Nishiyama alikwenda kuanzisha Dimps mwaka huo wa 2000, na Shinkiro akahamia Capcom. Oktoba 2001 SNK ikafa kisheria.

Kwa hiyo gemu nililolicheza Mwanjelwa, King of Fighters 2002, lilitengenezwa baada ya msiba. Ile ya 2001 na ile ya 2002 zilishikwa na Eolith, kampuni ya Korea Kusini, wakishirikiana na watu waliokuwa wamebaki. Kawasaki mwenyewe alikuwa ameshaanzisha kampuni nyingine, Playmore, mwezi Agosti 2001, na kupitia hiyo akanunua tena haki za wahusika wake. Mwaka 2003 ikaitwa SNK Playmore. Mwaka 2016 ikarudia jina la zamani, SNK.

Lile la 2002 halina hadithi. Ni kama la mwaka 1998: waliokufa katika hadithi za nyuma wamerudishwa, Rugal anakungoja mwisho, na hakuna anayeeleza kwa nini. Zamani nilidhani ni uvivu. Sasa nawawazia watu ambao ofisi yao imefungwa, mshahara haujulikani, wenzao wamekwenda kwa mshindani, wanakaa kwenye meza ya kuazima na kuamua kuwaita wote warudi, hata marehemu. Sijui kama ndivyo walivyohisi. Ila ndivyo gemu linavyohisi mkononi.

Wazo la kwamba niliiua SNK likaondoka. Deni halikuondoka. Mwezi uliopita nimenunua KOF '98 kwenye simu, kwa pesa yangu, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kuhusu yaliyofuata nitapita haraka, maana yako kwenye habari. Mwaka 2015 hisa za Kawasaki zilikwenda kwa Wachina, na kufikia 2022 karibu kampuni yote ilikuwa ya taasisi ya mwanamfalme wa Saudi Arabia. Aprili 2025 wametoa Fatal Fury: City of the Wolves, miaka 26 baada ya lililolitangulia, Garou: Mark of the Wolves, na ndani yake kuna Cristiano Ronaldo kama mpiganaji. Mtoto wa kaka yangu aliposikia hilo aliruka kitandani. Mimi limenikaa vibaya. Ronaldo ana jina ambalo tayari kila ukuta wa Mbeya unalijua.

Jambo moja katika hadithi hii lilinifurahisha mpaka machozi. Capcom walipotaka kuifufua Street Fighter mwaka 2008, kwa toleo la nne, kampuni waliyoshirikiana nayo kulitengeneza ilikuwa Dimps. Ya Nishiyama. Mzee alirudi kwa mtoto wake wa kwanza baada ya miaka ishirini, kupitia mlango wa nyumba nyingine.

Mama Atu

Kaka yangu ananiambia natafuta makuu. "Jina litakusaidia nini? Ulicheza, ulifurahi, basi."

Nilimuuliza reli ya TAZARA ilijengwa na nani. Akasema Wachina. Tumekulia kwenye honi ya treni ile. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na Watanzania na Wazambia walioilaza reli ni maelfu kwa maelfu. Kule Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofia kazini, na kila kaburi lina jina. Sisi tunasema Wachina.

Wachina wote?

Kaka hakujibu, na mimi sikumbana, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekumbuka daftari la kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa viazi. Mama alilitunza mpaka alipoacha biashara. Kila mwezi, mstari wa saba, kwa mwandiko wa katibu: Mama Atu. Miaka tisa ya kuamka saa kumi usiku kupokea magari ya Uporoto, na kwenye daftari kumeandikwa jina langu mimi.

Mwanjelwa, wiki ya nne

Nikaenda kumtafuta Kaka Chaji.

Kibanda hakipo. Pamejengwa fremu, kuna duka la vifaa vya simu na wakala wa pesa. Nilimuuliza kijana wa wakala kama anamjua mtu aliyekuwa anachaji simu hapa zamani. Akaniuliza jina lake nani.

Nilisimama na mdomo wazi. Nilikuwa nimejifunza jina la mkuu wa kampuni ya Korea. Nilikuwa najua aliyechora uso wa Terry alizaliwa akiitwa nani. Huyu mtu alikuwa ananihifadhia daftari langu la hesabu chini ya meza lisilowe, alinipa mkate siku ambazo mama hakuuza, aliwahi kumtoa nje kijana mkubwa aliyenivuta kofia akamwambia asirudi. Na sikuwa na jina lake.

Mama mmoja wa ndizi za kuchoma, ng'ambo ya barabara, akasaidia. "Unamtafuta Baba Neema? Alihamia Tunduma." Jina jingine ambalo si lake. Lakini alikuwa na namba ya shemeji yake, na shemeji akatoa namba yake.

Nilipiga jioni. Nikasalimia, nikajieleza, nikataja shule, mama, viazi. Hakunikumbuka. Mwishoni nikasema, "Kaka, mimi ni King."

Kimya. Kisha sauti ikabadilika kabisa. "Binti wa sweta! We si ndiye ulikuwa unamaliza?"

Tuliongea karibu saa nzima. Ana duka la spea za pikipiki. Mkopo ndio uliomtoa Mwanjelwa: alikopa kwa ajili ya PlayStation ya tatu, umeme ukawa wa kusuasua miezi miwili, marejesho yakamshinda, akauza kila kitu, ubao wa soketi ukiwemo. Alisimulia bila kinyongo. Aliniuliza kama bado nina haraka ya kumchagua yule wa mateke.

Nikamuuliza jina lake. Akanitajia, majina matatu, na kijiji cha baba yake huko Rungwe. Nikaandika kwenye daftari. Nikamwambia nataka kuliweka kwenye makala.

"Hapana, mdogo wangu. We andika Kaka Chaji. Hilo nililipata kwa kazi yangu. Hayo mengine nilipewa tu."

Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile. Huenda kati ya wale wa Osaka yupo aliyelipenda jina lake la utani kuliko lile la kwenye kitambulisho. Huenda Mori mwenyewe alikuwa Shinkiro kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwenda kurudisha kitu nilichodhani kimeibwa, nikakuta mwenyewe amekishika. Lakini alinitajia, na mimi sasa najua. Jina lipo kwenye daftari langu, ukurasa mmoja na Nishiyama, Matsumoto, Mori, na majina mawili ya mama yangu.

Jumamosi iliyopita

Tulirudi Soweto kunyoa. Mtoto akaingia kwenye kibanda kabla yangu, akaniacha nimechelewa mlangoni nikimlipa kinyozi. Pale kwenye chogo alikuwa na watoto wengine wawili, wamechanga, kila mmoja na mtu wake. Yeye alikuwa anamaliza. Nilisimama nyuma ya pazia nikatazama Rugal akianguka.

Skrini ikawa nyeusi, orodha ikaanza kupanda. Muda wao ulikuwa unakatika, mwenye kibanda ameshika simu anahesabu dakika. Mtoto wa kulia akanyoosha kidole kwenye pedi abonyeze, warudi kuchagua.

Mwanangu akamshika mkono.

"Subiri," akasema. "Majina yanapita."